Chapa ya Boila

Boila la mvuke lililopasha joto nyumba yao mjini Worcester lilikuwa limeanza kuvuja kwa uzee, na Declan Feeney alikuwa akitafuta jipya. Kila aliyeketi naye mezani alikiona cha moto kwa maswali yake kuhusu maboila.

"Hata baba hakukuchunguza wewe hivyo ulipokuja kunichumbia," mkewe Halina alimwambia.

"Chapa ndiyo kila kitu! Nunua yoyote, ila Brackett. Brackett ni takataka tupu!"

Mama mkwe wake, Bi Jadwiga, alikuwa akianika soksi juu ya chuma cha ukutani kilichopashwa joto na boila. "Na hili letu, lililotupasha miaka yote hii, ni chapa gani, mwanangu?"

Declan hakujua. Akashuka na tambara hadi chini lilikokuwa boila, akalifuta vumbi, na kibati kikasomeka: Brackett.

Alipanda ngazi polepole, masikio yamemwiva. Halina alikuwa hajiwezi kwa kicheko.

"Usione haya," Bi Jadwiga alisema, akigeuza soksi. "Hata mimi niliposikia Halina kaniletea Mwairishi badala ya Mpolandi mwenzetu, nilikukataa kabla sijakuona. Na mpaka leo hujavuja."