Refa Hakuwa na Kosa

Timu yao ya raga ilichapwa thelathini na nane kwa sita, tena nyumbani. Watu walipokwisha kuondoka, Wilf Ackroyd alikuwa bado amesimama jukwaani peke yake, mvua ikimnyea.

“Refa katuibia leo, mzee!” mlinzi wa geti alimwambia alipotoka.

“Refa gani? Wetu wameudondosha mpira mara tisa. Mikono wameipaka mafuta?”

Mlinzi akacheka. Wilf akajishtukia. Hayo yalikuwa maneno ya Doreen, mkewe waliyemzika Machi. Miaka thelathini Wilf ndiye aliyemlaumu refa, na Doreen akimbishia njia nzima wakirudi.

Akanunua samaki na chipsi za mtu mmoja, akazila akitembea, maana nyumbani hakukuwa na wa kumngoja.