Nani Alipiga "Bawabu Kalala"

"Wewe hukuwepo!"

"Nisingekuwepo ningejuaje kama mlango wa studio ulikuwa wa ki—"

"Kijani! Milango yote ya serikali ilikuwa ya kijani, hata ya choo!"

"—wa kijani, na komeo lake linakwama, mpaka ulisukume kwa—"

"Mpwa wangu, mtoe huyu mtu!"

Mpwa ni mimi. Wa kutolewa ni fundi friji, mzee mrefu aliyekuja na begi lake la spana, utadhani maktaba ya sauti ya redio ina friji iliyokufa. Na anayetoa amri ni kaka wa mama, ambaye mtaa mzima unamwita Solo. Kwa miaka arobaini Mjomba Solo ndiye mwenye "Bawabu Kalala", ule muziki wa gitaa usio na neno hata moja ambao hata anayedaiwa kodi akiusikia anatikisa bega. Nyumbani kwetu tumekula heshima ya kibao hicho tangu sijazaliwa.

Sasa redio inakitoa upya, na kwa mara ya kwanza jalada litaandikwa jina la mpigaji. Jina moja, na wanaolidai ni wawili: mjomba na huyu fundi. Kazi ya kuchunguza aandikwe nani nilitupiwa mimi. Wenzangu wenye shahada walisema wana shughuli, na mimi niliyeiacha yangu mwaka wa tatu sikuwa na ubavu wa kukataa.

"Lakini Solo ni mjomba wangu," nilimwambia bosi, mama mmoja tunayemwita Mama Faili.

"Najua. Ndiyo maana nimekupa wewe. Ukimpendelea nitakuona usoni." Akanikata jicho. "Na usilete utani wako." Bado alikuwa na kinyongo cha siku niliyopachika mlio wa mbuzi katikati ya hotuba ya mkurugenzi.

Kusema kweli, mjomba nilikuwa nimeanza kumshuku siku tatu kabla ya ugomvi huu. Nilikusanya rekodi zote za kibao hicho: santuri ya kwanza, ile ya bendi ya polisi, tarumbeta tupu, ya kinanda iliyopigwa na mtu mwenye haraka ya kwenda kwake, na ile inayokupumbaza kwenye simu ukisubiri hospitali wapokee. Zote sauti yake iko juu. Yaani gitaa likituniwa kawaida hukipati kibao kamili mpaka ukaze nyuzi zote sita, kidogo tu. Kila mpiga gitaa analijua hilo. Mjomba kwa kukaza huko amekata nyuzi mpaka muuza duka anamwita mkwe.

Kisha nikaupata utepe wenyewe wa studio, ule uliozaa santuri. Juu ya boksi: "Bendi. Saa nne asubuhi." Hakuna jina, zamani wapiga muziki waliandikwa kama viti. Nikauweka kwenye mashine, na muziki ukatoka chini. Chini na taratibu, kama mtu anayetembea baada ya kushiba.

Nikashuku mashine. Ila mafundi mitambo wa zamani walikuwa na utaratibu wao: kila utepe ulianza na mlio mmoja wa kupimia kasi, uleule miaka nenda miaka rudi. Nikaupima huo mlio, uko sawasawa. Kwa hiyo utepe haukukosea, iliyokosea ni santuri. Mashine ya kiwanda cha santuri ilikimbia kidogo, sauti ikapanda, na watu wote wakajifunza lile kosa.

Wote, isipokuwa aliyekuwemo studio.

"Mjomba," nikawakatiza wazee, "siku ya kurekodi, nyuzi ulikaza?"

Akaniangalia kwa pembe ya jicho. Ananijua. Mimi ndiye niliyewahi kuutangazia ukoo kwamba ana mchumba wa pili. "Unauliza kwa nini?"

"Naandika historia."

"Nilikaza! Kwa koleo, siku ileile, fundi mitambo anaona! Ndiyo siri ya kibao. Andika."

Nikaandika.

"Na wewe, fundi?"

"Nikaze nini? Gitaa lenyewe la kuazima. Ningekata uzi ningelipa na nini?"

Mjomba akapiga makofi. "Umesikia? Hata kibao hakijui!"

Nikamkabidhi fundi gitaa la studio. Akafuta vidole kwenye suruali, akapiga. Chini. Taratibu.

"Mbona anakosea?" akauliza Mama Faili. Kumbe alikuwa kasimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi.

Nikawasha utepe. Gitaa la kwenye mashine na la mkononi mwa fundi yakaenda sambamba kama mapacha.

"Ameuchezea!" Mjomba akasimama. "Huyu si ndiye aliyeweka mbuzi kwenye hotuba?"

Mama Faili akanigeukia. "Umeuchezea?"

"Sijaugusa, mama."

"Hata mbuzi ulisema hukumgusa." Akaenda kwenye rafu mwenyewe, akachomoa utepe mwingine kabisa, wa taarifa ya mvua, akausikiliza mlio wake wa mwanzo. Akarudia wetu. Akarudia ule. Ilikuwa milio miwili, sauti moja.

"Mzee Solo," akasema polepole, "koleo lilikuwa la nini?"

Mjomba akakaa. "Niliingia bendi wiki mbili baadaye. Kiongozi akanipa santuri, akasema jifunze hii. Watu wakaanza kuniuliza, ndiye wewe? Mara ya kwanza nilisema hapana."

"Na mara ya pili?" nikauliza.

"Mara ya pili aliyeuliza alikuwa mke wangu. Kabla hajawa mke wangu."

Nikachukua kalamu, nikayafuta yale ya koleo.

Mama Faili akafungua kalamu. "Fundi, jina lako kamili, niandike la kwenye jalada."

Fundi friji akaliweka gitaa mezani. Alikuwa anaangalia gitaa kama friji iliyomshinda. Halafu akalisukuma taratibu juu ya meza mpaka likafika kwa mjomba.

"Mzee mwenzangu," akasema, "nyumbani nikipiga hiki kibao, wajukuu wananicheka. Wanasema babu amekosea. Hata huyu mama hapa amesema nimekosea. Jalada watalisoma mara moja waliweke. Wao wanataka kile wanachokijua." Akavuta kiti karibu. "Nikazie hizi nyuzi, unifundishe."