Mabeseni Tisa

Uligeuza uso. Gazeti lilipoandika habari za mgodi, uliruka hadi ukurasa wa kamari ya mishale, ile ya kubashiri idadi ya mishale itakayonasa, kutafuta namba. Usikatae, ilikuwa Jumatatu.

Kitbok, mpiga gitaa wa roki wa mji wa Shillong, alirekodi albamu yake peke yake katika chumba cha kupanga: gitaa, besi, ngoma, hata sauti za kuitikia. Bendi yake ilikataa kushiriki, maana matamasha yao yalilipiwa na mwenye mgodi wa makaa alimozama Pynshai, mdogo wake. Mwenye mgodi alitangaza kwamba wamekufa watatu tu, akaondoa pampu ya kuvuta maji shimoni. Pynshai hakuwemo kwenye orodha, kwa hiyo hapakuwa na wa kutafutwa. Na kwa imani ya Wakhasi, kabila lao, mtu ambaye mifupa yake haijarudi kwa ukoo wa mama yake hafiki nyumbani kwa Mungu kutafuna popoo na wenzake.

Wimbo wa tatu ulipopigwa, spika zilitoa maji. Yalikuwa meusi na ya baridi. Yalijaza mabeseni tisa, yakakoma. Ilikuwa hivyo kila nyumba. Mhakiki mmoja alisifu besi, akashauri wasikilizaji wakunje mazulia kwanza.

Kong Thrina, yaani Dada Thrina, muuza chai, aliupiga wimbo huo asubuhi dukani kwake, kisha akamwita Kitbok.

"Bah Kit, kaka yangu, wimbo wako umenilowesha unga!"

"Umehesabu mabeseni, Kong?"

"Nani hajahesabu? Mji mzima leo umeweka dau kwenye tisa."

"Tisa ni watu waliozama, Kong. Pynshai yumo."

"Basi ameniletea namba nzuri, kama ya ndotoni. Nimewawekea dau la rupia hamsini. Usiniletee nuksi!"

Alasiri wapiga mishale wa kamari walimaliza, mishale iliyonasa kwenye shabaha ikahesabiwa, na tarakimu ya mwisho ikawa tisa. Kufikia jioni albamu ilikwisha madukani. Kitbok alibebwa mabegani, akalishwa wali wa nguruwe.

"Kesho itatoa ngapi, bwana? Tuambie sisi tu," walinong'ona waliombeba.

"Tisa. Kila siku ni tisa."

Wakamteremsha.

Kesho yake tisa haikutoka kwenye kamari. Kufikia Ijumaa watu walisema albamu imechuja, wakayatumia maji yake kuoshea pikipiki. Kitbok aliendelea kuupiga wimbo chumbani mwake, akiyasogeza mabeseni mwenyewe. Kando ya lile la mwisho aliweka nusu ya popoo yake. Haikuguswa.

Orodha bado inasema watatu. Maji bado yamejaa shimoni. Nawe siku ile ulishinda. Ulionekana kwenye foleni, unacheka. Inuka. Nenda ofisi ya wilaya ukadai pampu, uwataje wote tisa kwa majina. Kama huyajui, kamuulize Kitbok. Yuko nyumbani, mlango haujafungwa. Nenda sasa hivi.