Ramani ya Gaétan

Kila mwaka, theluji ya kwanza ikigusa mji wetu wa Trois-Rivières, Kanada, mume wangu Gaétan hutangaza kwamba tunakwenda Florida kuikimbia baridi, kana kwamba kuna jirani asiyejua. Nusu ya mtaa huwa wameshafunga mizigo. Basi nikabandika supu ya njegere na kumwita binti yetu Mireille aje tushauriane.

Mwaka huu ushauri ulikuwa na jambo ndani yake. Macho ya Gaétan yalikuwa yanafifia. Asubuhi humimina kahawa kando ya kikombe, halafu huilaumu meza. Mimi nilijua, Mireille alijua, hata paka alijua, maana alishakanyagwa. Lakini mtu aliyeendesha malori maisha yake yote, aliyenikataza njia kuu na kuniachia gari la kwenda dukani tu, haambiwi neno kama hilo na mkewe. Nilitaka aliseme mwenyewe, kabla hajashika usukani akatuua.

Mireille alifungua kompyuta yake. "Baba, pandeni ndege. Mchana huo huo mko ufukweni."

"Na huko nitembelee nini? Mgongo wa mama yako?"

"Basi treni ile inayobeba na magari. Mnalala, gari linalala, asubuhi mmefika."

"Inapandiwa wapi? Virginia! Niendeshe mpaka Virginia ili nisiendeshe? Hiyo ni kununua viatu vya kuendea kununua viatu."

"Kuna vijana wa kukodi. Wanakupelekea gari, nyinyi mnapaa."

"Kijana ashike gari langu? Heri nimwazime meno yangu ya bandia."

Nilipandwa na hasira, kwa sababu mzee alikuwa sahihi katika kila kitu isipokuwa kimoja.

Akaenda kwenye kabati, akapapasa, akatoa ramani na kuitandaza juu ya makombo ya mkate. "Sogea ujifunze, mwanangu. Mwenye macho haambiwi tazama." Kidole kikaanza safari. "Hapa tunavuka mpaka. Hapa Albany, tunakunywa kahawa. Hapa chini kidogo, kwenye moteli ya yule mama mwenye mbwa, tunalala."

Ramani ilikuwa ya Ontario, jimbo la jirani ambalo hatupiti kabisa. Kidole chake kilikuwa katikati ya ziwa.

Mireille akafumbua mdomo. Nikampiga teke chini ya meza, funika kombe mwanaharamu apite, naye akaufumba. Gaétan akaendelea kushuka kusini, akaimaliza karatasi, akaingia kwenye kitambaa cha meza, akaikuta Florida karibu na kichupa cha chumvi.

"Tumefika," akasema.

Nilitaka kucheka nikashindwa.

"Njia nzuri, mzee wangu," nikasema.

Aligeuza uso upande wa Mireille. Supu ikapoa mbele yetu.

"Huguette, hii ni ramani ya wapi?"

"Ya Ontario."

"Na mimi nimelala wapi?"

"Ziwani."

Akatikisa kichwa taratibu. "Nilijua kuna kitu. Huyu mtoto tangu azaliwe hajawahi kuona kosa langu akanyamaza."

Mireille akaanza kulia. Gaétan akaikunja ramani, vibaya, kama alivyoikunja siku zote, hata alipokuwa akiona. Kisha akatoa funguo za gari mfukoni na kuziweka mbele yangu. Zilipita kando ya meza zikaanguka sakafuni. Niliinama nikaziokota.

"Basi tunakwenda kwa gari," akasema. "Lakini sikiliza, mama. Usiyapite malori."

"Nitayapita yote."

"Umesikia?" akamwambia Mireille. "Mwanamke huyu atatuua." Akaanza kukitafuta kijiko chake kwa vidole.