Baiskeli Zilizobatizwa Pamoja na Divai

Siku ya Mtakatifu Martin, Zofka aliegemeza baiskeli yake kwenye pipa la Ludvik, akaifuta tope kwa kiganja, akaingia zake kwenye foleni ya supu. Wenzake wa chama cha baiskeli nao wakaegemeza za kwao hapohapo, maana nje kulikuwa na manyunyu na ghala la divai ndilo lililokuwa kavu. Tangu asubuhi walikuwa wakizunguka vilima vya Haloze kwenye njia za changarawe, wakipanda katikati ya mizabibu na kushuka hadi mtoni, na njaa ilikuwa inawauma kwelikweli.

Kila mwaka siku hiyo maji ya zabibu hubatizwa yawe divai. Anayebatiza ni askofu wa bandia, na kijijini kwao askofu wa bandia ni Ludvik, tarishi mstaafu, aliyejifunga shuka la kitanda na kuvaa kofia ndefu ya karatasi. Miwani yake alikuwa ameisahau juu ya friji. Akapita akirusha maji kwa tawi la msonobari na kutamka Kilatini chake cha kujitungia, na kila kilichokuwa mbele yake kikabatizwa: mapipa, soseji zilizoning'inizwa, na baiskeli zote za chama, moja baada ya nyingine, kwa jina la divai nyeupe.

"We Ludvik, hizo ni baiskeli!" Tončka, mwoka mikate, alimpigia kelele.

"Kimya, muumini! Askofu hapa nani?"

Watu wakacheka, wakanywa, wakaenda kulala. Kulipokucha baiskeli zilikuwa zimeanza kuchacha.

Mwanzo zilitoa povu kidogo kwenye magurudumu, na zikawa zinanong'ona. Zofka aliifuta yake kwa kitambaa, akaitia mafuta kwenye mnyororo, akaipanda kwenda dukani kununua mkate. Kwenye mpando wa kanisani, ule unaomtoa ulimi siku zote, tairi ziliachana na changarawe zikapanda hewani polepole, kama unga uliokandwa kwa hamira na kuwekwa karibu na jiko. Zofka akaendelea kukanyaga pedali. Akapita juu ya kengele ya kanisa, akamsalimia mtu aliyekuwa anaziba paa, akashuka mlangoni kwa Tončka.

"Na yako imeumuka?" Tončka aliuliza.

"Imeumuka."

"Yangu inavutia kushoto. Nahisi ni breki."

Wiki hiyo haikuwa na mfano. Wazee kwa vijana walipepea juu ya mizabibu wakipiga kengele, wakazungukazunguka mashine za mbao zinazozungushwa na upepo kufukuza ndege, wakashuka hadi kwenye mto Dravinja na kuburuza viatu majini wakipiga mayowe. Ludvik aliruka akiwa bado amejifunga shuka. Zofka, mjane wa miaka mingi ambaye kicheko chake watu walikuwa wamekisahau, alicheka mpaka akapaliwa, na Tončka ikabidi amfuate angani ampige mgongoni.

Lakini kulikuwa na jambo la geti. Mavuno yalipokwisha tu, tajiri mmoja wa mjini aliyenunua kasri la zamani alisema barabara ya changarawe inayopanda mlimani ni yake, akaifunga kwa geti la chuma. Huko juu kulikuwa na mashamba ya nusu ya kijiji, pamoja na kishamba cha Neža, mama yake Zofka. Njia nyingine hakuna. Upande mmoja ni genge la mawe, upande wa pili ni mto. Na changarawe ya barabara hiyo Neža aliizoa mwenyewe mtoni alipokuwa msichana, yeye na baba yake, kwa mkokoteni wa ng'ombe. Kijiji kizima kilikasirika, wakakubaliana kwamba Ijumaa wataenda wote halmashauri, na hawatatoka pale mpaka geti lifunguliwe. Neža alipiga pasi gauni lake la kanisani.

Baiskeli ziliumuka kabla ya Ijumaa hiyo, na Ijumaa yenyewe ikawa na jua zuri ajabu. Neža alikwenda halmashauri peke yake. Bawabu alimwambia kwa adabu aje na wenzake, naye akageuka, akarudi nyumbani, akalitundika gauni kabatini. Wenzake walikuwa juu ya mto.

Geti likawa halimsumbui mtu tena. Walilipita kwa juu, wamekunja miguu, na Cveto, kijana wa palepale kijijini aliyeajiriwa kulilinda, aliwapungia mkono kutoka kwenye kibanda chake.

"Nimeambiwa asipite mtu hapa chini," alisema. "Ya juu sikuambiwa."

Majira ya baridi yakapita, ukafika wakati wa kupogoa mizabibu kabla utomvu haujapanda. Zofka akafunga keria nyuma ya baiskeli, juu yake akaweka mto wa kitandani.

"Mama, panda nikupeleke."

"Mimi si ndege kwezi," Neža alisema. "Kwezi ndiye anayeingia shambani kwa watu kwa juu."

"Ni shamba lako, mama."

"Ndiyo sababu."

"Basi nikakupogolee mimi."

"Wewe? Wewe unapogoa kama mtu anayemnyoa mlevi."

Wakanuniana siku kadhaa. Lakini Neža alikuwa na dirisha, na kutoka dirishani aliiona mizabibu yake imesimama mlimani na nywele zake timutimu, na moyo wake haukuweza kuvumilia. Asubuhi moja alitoka na mkasi wa kupogolea mfukoni, akaketi kwenye ule mto wa keria, akamshika bintiye kiunoni.

Walipoacha ardhi alifumba macho. Juu ya mti wa lozi wa jirani alifumbua moja. Walipopita juu ya mto, ukungu ukiwa umelala bondeni na chama kizima kikiwazunguka kwa vifijo, Neža alivua kitambaa cha kichwa, akakipunga, akacheka kicheko cha msichana aliyetoroka nyumbani.

"Zofka! Kanyaga, mtoto we! Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia tangu Novemba!"

"Hukuniambia vizuri!"

Walipogoa hadi alasiri. Neža aliuambia kila mzabibu mambo ya aibu, akaukata, akausamehe. Wakati wa kurudi, walipokaribia geti, alimgonga bintiye begani.

"Nishushe hapo. Upande huu, kabla ya geti."

Zofka alimshusha. Mama akajipangusa gauni, akalisogelea geti, akaligonga kwa mpini wa mkasi. Cveto akatoka na kipande cha keki mkononi.

"Fungua nitoke," Neža alisema.

"Mama Neža, asubuhi umeingia kwa juu, nimekuona. Tokea hukohuko."

"Kuingia niliingia kwa ajili ya mizabibu. Sasa naenda nyumbani. Mtu anaenda nyumbani kwa barabara."

"Sina ruhusa."

"Ufunguo unao?"

"Ufunguo ninao. Ruhusa ndiyo sina."

"Basi nitasubiri," akasema, akaketi kwenye jiwe. "Leo sina kazi nyingine."

Wenzake wakashuka chini kidogo, wakawa wanazunguka juu ya kichwa chake. "Mama Neža, panda twende! Supu inapoa!" Tončka aliita, ameachia usukani kwa madaha. Ludvik akajitolea kumbatiza, ili aruke mwenyewe bila baiskeli ya mtu.

"Nilishabatizwa," Neža alimjibu. "Tena na padri wa kweli."

Walicheka sana. Walizunguka mara kadhaa, jua likazidi kushuka, kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kengele zao zikilia bondeni. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Zofka alibaki amesimama, ameishika baiskeli kwa mikono miwili kwa kuwa ilikuwa inataka kwenda. Aliona aibu, aibu kali, ya kumchoma masikio. Ijumaa ile mama yake alipokuwa anamwamkia bawabu, yeye alikuwa juu ya mto amepaliwa na kicheko, na hakuwa ameikumbuka siku hiyo hata mara moja mpaka sasa. Akaachia mikono.

Baiskeli ikapanda wima, ikageuza usukani yenyewe, ikawafuata wenzake ng'ambo ya mto.

"Umeiachia?" Neža aliuliza.

"Nimeiachia."

"Ilikuwa baiskeli nzuri."

"Nzuri sana, mama."

"Usilie sasa. Kaa, jiwe linatutosha."

Zofka akakaa. Cveto aliwatazama, akautazama ufunguo, akaingia kibandani kwake. Alipotoka alipitisha kikombe cha chai katikati ya nondo, akawaambia wanywe kwa zamu, cha pili kinachemka.