Jina la Gicheru kwenye Chupa

Simu ilikuwa tayari inaita huko Ayalandi, na mimi bado sijaamua nitamwita kwa jina gani. Kumwita Baba Fulani sikuweza, kwa sababu hatukujaliwa mtoto. Jina lake tupu lilikuwa limekaa mdomoni mwangu miaka mingi bila kutumika, kama ufunguo wa nyumba iliyobomolewa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiwanda chetu kidogo hapa Ruring'u, Nyeri, barakoa nimeishusha kidevuni, na uso nimeugeuzia ukutani ili wanawake waliokuwa ndani wasinione.

Akapokea. Nikasema, "Ni Wachuka."

Kisha ile sauti, nzito kuliko nilivyoikumbuka, ikauliza, "Mama amekufa?"

"Hajafa. Yuko ndani anamenya avokado."

Nilimsikia akishusha pumzi. Nyuma yake mtu alikuwa akikohoa, kikohozi cha mzee, na mlango ukafungwa.

"Sasa ni nini?"

"Nataka jina lako," nikasema.

"Jina langu si unalo?"

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kwenye kitambulisho changu, mpaka leo, mimi ni Wachuka Gicheru.

"Nataka la kuweka kwenye chupa," nikasema, na hapo hapo nikajisikia mjinga, kwa sababu hata mimi mwenyewe nisingeelewa.

Mkanganyiko huo ulianza mwaka ule wa ugonjwa wa korona, mwaka ambao Uingereza ilikuwa inatoka katika Umoja wa Ulaya. Habari hizo tulizisikia redioni kama tunavyosikia za vita vya mbali. Sisi tulikuwa wanawake kumi hivi, tunanunua avokado zilizokataliwa na madalali wa Kagio na Kutus kwa sababu ya madoa ya ganda, tunazikamua mafuta ya kujipaka. Bibi mmoja wa London, Harriet, aliyewahi kupita Nyeri akipanda mlima, ndiye aliyekuwa akiyauza kwenye mtandao. Wateja wake wengi, sijui kwa nini, walikuwa Ayalandi. Labda kule upepo unakausha ngozi zaidi. Sisi tulijaza chupa, tukatuma, tukalipwa. Zaidi ya hapo hatukuuliza.

Halafu Harriet akaandika kwamba kuanzia Januari hataweza tena kuwa mtu wa kuwajibika kwa wateja wa Ayalandi.

Nilisoma maneno hayo mara nyingi. Mtu wa kuwajibika. Sikujua kwamba tulikuwa naye, na sasa tulikuwa tunampoteza.

Ofisa wa biashara, Bwana Masinde, akatuita kwenye ukumbi wa kanisa karibu na uwanja wa michezo, sisi wote tunaouza ng'ambo: watu wa asali, watu wa chai ya majani, watu wa vikapu. Viti vilikuwa vimetawanywa mbali mbali kama watu waliokosana. Masinde, mtu wa Bungoma, mwenye subira, akachora duara kubwa ubaoni na kuliita Ulaya. Akafuta kipande, akakichora kando, akakiita Uingereza.

"Sheria ya kumlinda mnunuzi ilikuwa moja," akasema. "Sasa ziko mbili. Mtu wa Dublin akinunua kitu yako na imdhuru, lazima kuwe na mtu ndani ya Umoja, mwenye jina na anwani, wa kujibu. Yule wa London ni wa London tu."

Ngatia, muuza asali, akanyanyua mkono. "Na Belfast? Niko na mteja Belfast."

Masinde akaitazama ile michoro yake. Belfast, akaeleza, iko Uingereza, lakini kwa mambo haya inafuata duara kubwa. Akachora mstari, akaufuta, akauchora tena mahali pengine.

"Ati iko ndani na iko nje?" Ngatia akauliza.

"Nisiwadanganye," Masinde akasema, akiketi kwenye meza. "Hapo hata mimi nimepotea. Nitauliza Nairobi."

Hakuna aliyecheka. Tulitoka tukiwa tumechanganyikiwa kuliko tulivyoingia, na mimi nilirudi kwa miguu nikijiuliza nitawaambia nini wanawake. Kulikuwa na kampuni za kukodi, zinazokubali jina lao liandikwe kwenye chupa yako. Bei zao zilikuwa za watu wenye viwanda vya kweli. Harriet naye aliuliza kwa upole: hamna mtu yeyote mnayemjua huko?

Tulikuwa naye.

Gicheru aliondoka tukiwa na miaka miwili ya ndoa. Alikwenda kutunza wazee katika nyumba moja huko Ayalandi, akaahidi kwamba akishatulia ataniita. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili tukitoka kanisani. Baadaye ikawa Jumapili moja moja. Baadaye mtu wa Karatina anayefanya kazi kule akaja likizo, akamwambia mtu mwingine sokoni kwamba Gicheru ana mke kule, na habari ikatembea mpaka ikafika mlangoni kwetu.

Nilifunga begi nirudi kwetu Kagio. Mama yake, Wakonyo, alinikuta nikipambana na zipu. Hakunipa pole. Alikaa juu ya kitanda, akaniangalia, akasema, "Aliyeondoka ni yeye. Wewe unaenda wapi?"

Nikalifungua begi, nikabaki. Watu walishangaa, na ndugu zangu walishangaa zaidi. Mke aliyeachwa aishi na mama mkwe chini ya paa moja, bila mtoto wa kuwaunganisha? Sikuweza kuwaeleza, kwa kuwa sikulielewa jambo hilo vizuri mimi mwenyewe. Gicheru alipopiga simu baada ya hapo, Wakonyo aliipokea, akasikiliza kidogo, akaikata. Alipiga tena, akakatiwa tena, mpaka akaacha. Jina lake halikutajwa tena katika nyumba yetu. Tukaanza kukamua mafuta, kwa sababu avokado zilikuwa zikioza chini na sisi wawili hatukuwa na jambo jingine la kuongea.

Namba yake niliipata kwa binamu yake Kinyua wa Kutus, anayefanya biashara ya mchele. Alinipa bila kuniuliza neno, na hilo pia lilinikera.

Siku ile nyuma ya kiwanda nilimsomea Gicheru masharti kwenye simu, kwa sauti kavu, kama ninayemsomea mtu shtaka. Atatunza faili ya taarifa za mafuta nyumbani kwake. Jina lake na anwani yake vitakuwa kwenye kila chupa. Mtu akidhurika, yeye ndiye atakayejibu.

"Kwa nini mimi?" akauliza.

"Hatuna mwingine."

Nilitamani akatae. Nilitamani pia akubali, na matamanio hayo mawili yalikuwa na nguvu sawa.

"Nitumie hayo masharti," akasema.

Nilidhani ndiyo namna yake ya kukimbia. Lakini baada ya siku chache akajibu. Alikuwa ameyasoma yote. Aliuliza avokado zetu zinamenywa wapi, maji yanatoka wapi, nani ananawa mikono na kwa sabuni gani. Mwisho akaweka anwani: namba ya nyumba, jina la barabara, mji. Mtu ambaye hakuweza kumwandikia mkewe mstari mmoja wa kwamba ameoa, sasa alikuwa ameniandikia mistari na mistari juu ya sabuni. Nilikaa na simu mkononi, nisijue kama niliyonayo ni hasira au nafuu. Mpaka leo sijui.

Wakonyo ilibidi aambiwe. Nilimwambia mbele ya wengine, kwa woga wa kumwambia peke yake.

"Jina lake halitapita huu mlango," akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye karai.

Aliyemjibu si mimi. Alikuwa Risper, mke wa askari polisi, mwenyeji wa Siaya, ambaye kazi yake ilikuwa kujaza chupa na ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji. "Cucu," akasema, akitumia neno letu la Kikuyu la kumwita bibi, kama sote, "mimi sijui alifanya nini. Lakini Januari ikifika na hakuna jina, sisi tunarudi nyumbani. Mzee wangu amepewa uhamisho mara mbili, na mara zote nimekataa kumfuata kwa sababu ya hii kazi."

Kisu cha Wakonyo kiliendelea kumenya. Alimaliza tunda lile, akachukua jingine.

"Liandikeni dogo," akasema.

"Sheria inasema lisomeke," nikamwambia.

"Basi lisomeke na wao. Si lazima nilisome mimi."

Kijana wa kuchapisha lebo, mjini Nyeri, aliniuliza kama herufi zote ziwe ndogo hivyo. Nikamwambia ndiyo, ndivyo mwenye kampuni anavyotaka. Lebo zilipofika, tukazibandika siku nzima, na jina la Gicheru Wambugu likapita mikononi mwetu mamia ya mara. Jioni, wengine walipokwisha kuondoka, nilirudi kuchukua shuka yangu, nikamkuta Wakonyo dirishani na chupa mkononi. Aliiweka mbali na macho, akaisogeza karibu, akaiweka mbali tena. Midomo yake ilikuwa ikitamka jina la barabara ile ya kigeni, silabi kwa silabi. Nilirudi nyuma polepole, nikaiacha shuka.

Januari ikaja na mambo hayakuharibika. Mizigo ilichelewa, ikarudishwa mara moja, ikaenda tena. Ngatia aliacha kabisa kuuza Belfast. Aliniambia yeye ni mtu mzima, hawezi kuuza asali mahali asipojua pako wapi. Masinde aliendelea kuuliza Nairobi.

Mwaka uliofuata, mvua za masika zilipokwisha, mwanamke mmoja huko Galway, Ayalandi, akatokwa na vipele shingoni baada ya kujipaka mafuta yetu.

Nilijua nini kingefuata. Gicheru angezima simu. Angesema jina lilikuwa lake, mafuta si yake. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa maneno ambayo ningemwambia, maneno niliyoyatunza tangu siku ya begi. Badala yake akanipigia yeye mwenyewe. Alikuwa ndani ya basi, akitoka kumwona yule mwanamke.

"Si vibaya sana," akasema. "Vinapona. Lakini chupa ni ya ule mkamuo wa Machi. Machi kulibadilika nini?"

Machi nilikuwa Kagio, nikimuuguza baba yangu. "Aliyesimamia ni mama yako," nikasema.

Basi lake lilisikika likisimama, watu wakishuka.

"Basi mpe simu," akasema.

Nilivuka kiwanda nikiwa nimeishika simu kama mtu aliyebeba chungu kilichojaa. "Ni mtu wa kuwajibika," nikamwambia Wakonyo. "Ana maswali juu ya mafuta." Sikutaja jina. Alifuta mikono kwenye aproni, upande mmoja, upande wa pili, akafuta tena mikono iliyokuwa imeshakauka. Kisha akaichukua.

Walizungumza mpaka chai ikapoa. Nilisikia upande mmoja tu. Ndiyo, zilikuwa avokado za Kutus. Hapana, mashine haikubadilishwa. Vitambaa vya kuchujia? Hapo akasita. Ndiyo, alivifua kwa sabuni nyingine, ile ya unga yenye harufu ya maua, kwa sababu ya kawaida ilikuwa imekwisha dukani. Alisema hivyo akisimama wima, kama anayengoja kukaripiwa. Upande wa pili ulisema kitu kirefu. Wakonyo akaitikia, "Ee. Ee. Basi andika hivyo hivyo ilivyokuwa." Hakumwita mwanangu. Wala katika majibu yake sikusikia dalili kwamba yeye ameitwa mama.

Alinirudishia simu ikiwa na joto.

"Anataka chupa zote za Machi zirudishwe," akasema. "Na vitambaa vitupwe."

"Hakusema kitu kingine?"

Alirudi kwenye kiti chake, akavuta karai. "Amesema sauti yangu imezeeka."

Chupa zilirudishwa, na hasara tuliivumilia. Yule wa Galway alipona, akaagiza tena. Lakini maswali hayakuisha. Kila mwezi Gicheru alipiga kuuliza juu ya mkamuo mpya, wakati mwingine akizungumza nami, wakati mwingine na Wakonyo, na sisi tukamjibu kama tunavyomjibu mkaguzi. Juu ya mke wa kule hakusema, nami sikuuliza. Wapo wanaoniuliza kama nimemsamehe. Nawaambia kwamba hilo halimo katika mkataba, na wanacheka, wakidhani ni mzaha.

Mwezi wa nne mwaka huu aliniuliza kuhusu maji, kuhusu chupa mpya, kuhusu tarehe za mwisho wa matumizi. Nikamjibu. Nilidhani amemaliza. Kisha akauliza kama mvua zikinyesha hivi paa bado linavuja pale juu ya kitanda cha mama.

Nimeyasoma masharti yale mara nyingi, ya London na ya Ulaya, na swali hilo sijaliona mahali popote.

"Halivuji," nikamwambia. "Lilitengenezwa zamani."

Hakuuliza ni nani aliyelitengeneza. Alinishukuru, akasema atapiga mwezi ujao.