Kikohozi cha Mwalimu Ghoshal

Mwalimu Ghoshal alikohoa nje ya pazia la mianzi la chumba cha wasichana, nao wakainuka, wakavuta ncha za sari vichwani, wakamfuata darasani kama vifaranga. Ndivyo ilivyokuwa chuoni Dhaka miaka ile: msichana hakanyagi baraza mpaka mwalimu aje kumchukua, na kipindi kikiisha amrudishe palepale.

Mchana huo chama chao cha wasichana, kichanga bado, kilikutana. Charushila akasimama. "Kesho tusingoje kukoholewa. Twende wenyewe, nami nitatangulia."

Makofi yakalia mpaka bisi za mchele walizokuwa wakitafuna zikamwagika sakafuni. Kironbala peke yake hakupiga. Maneno yale yalikuwa yake. Alimnong'oneza Charushila juzi, wakisukana nywele. Sasa kila atakayesimulia habari za chama atasema Charushila ndiye aliyeanza. Kijiba cha roho kikamshika.

"Mbona umenuna, Kiron?" Charushila akamtania. "Kama mkwe aliyenyimwa kichwa cha samaki, fungu lake la heshima!"

"Nimeshiba."

"Hujala hata punje."

"Nimeshiba maneno. Tena yangu mwenyewe."

Charushila akaacha kucheka. "Si ungeyasema, basi."

Hilo ndilo lililomkera zaidi, maana lilikuwa kweli. Kironbala alilala akiomba mvua inyeshe, baraza lifurike, asitangulie mtu.

Kulikucha kweupe. Kabla mwalimu hajafika, Charushila akainua pazia. Wavulana walikuwa wamejipanga pande zote mbili za baraza. Mmoja akauliza, "Mchungaji wenu leo yuko wapi, akina dada?"

Kicheko kikalipuka. Mguu wa Charushila ukaning'inia juu ya kizingiti, usishuke.

Kironbala aliona ncha ya sari ya mwenzake ikitetemeka, na furaha mbaya, tamu, ikampanda.

"Nipishe," akasema.

Akatoka. Mbele hapakuwa na mgongo wa kuuchukia. Palikuwa na baraza refu na macho ya watu. Nyuma hakusikia hatua hata moja. Akatamani mtu, yeyote, hata Charushila.

"Charu," akanong'ona bila kugeuka. "Upo?"

Mtu akakanyaga upindo wa sari yake kwa nyuma.

"Tembea basi, wee!" Sauti ya Charushila ilikuwa inatetemeka. "Unajikokota kama bibi harusi."

Machozi yakamlengalenga Kironbala. Akavuta pumzi, halafu akaongeza mwendo, kidogo tu, mwenzake asije akamfikia.